Mwanafunzi Haachi Kwao Mlangoni mwa Darasa

Kuna kauli iliyozoeleka mno miongoni mwa walimu humu nchini, nayo ni kwamba watoto wa pwani, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kuzaliwa, ndio hao hao wasiokijua Kiswahili. Kauli hiyo husemwa kwa mzaha, lakini husemwa pia kwa dhati katika vyumba vya walimu kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Aisemaye hujiona kwamba amegundua kichekesho: mwenye shamba ndiye mwenye njaa. Makala haya yanadai kwamba hapana kichekesho chochote hapo. Pana swali zito kuhusu uhusiano uliopo baina ya lugha inayofundishwa na nafsi ya yule anayefundishwa, na ni pachache panapofaa kulichunguza swali hilo kama visiwa vya Lamu.

Tunapojadili ufundishaji wa lugha ya kigeni, aghalabu huhesabu vitabu, vipindi na vyeti vya walimu. Ni nadra kuuliza: mwanafunzi huyu hujiona nani anapofungua kinywa chake katika lugha hiyo? Na anayemsikiliza humwona nani? Somo la hesabu halina udadisi wa aina hiyo. Saba mara nane haimuulizi mtoto kwao ni wapi. Lugha humuuliza. Kila neno analolitamka humtambulisha kuwa ni wa hapa au wa kule, wa mjini au wa shamba, mwenyeji au mgeni. Kwa sababu hiyo, anayejifunza lugha hupima kila siku, hata kama hajui kwamba anapima, kitu gani atapata na kitu gani atapoteza.

Mtoto wa Lamu hukabiliwa na vipimo vitatu vya namna hiyo. Chuoni hukutana na Kiarabu. Shuleni hukutana na Kiingereza. Na shuleni humo humo hukutana na Kiswahili Sanifu. Lugha mbili za kwanza kila mtu anakiri kwamba ni za kigeni kwake. Ya tatu anaambiwa kwamba ni yake, na papo hapo anaambiwa kwamba hajui kuisema. Huo ndio mzizi wa tatizo.

Lugha ya nyumbani kwake ni Kiamu. Kwao mtu husema *yana*, si jana. *Mayi*, si maji. *Moya*, si moja. Husema *mato* badala ya macho, *kitwa* badala ya kichwa, *nti* badala ya nchi. Njia kwake ni *ndia*, na njaa ni *ndaa*. Viatu ni *ziatu*, na vitabu ni *zitabu*. Msomaji makini ataona mara moja kwamba maneno haya hayakutawanyika ovyo. Mahali pengi Kiunguja kinapotumia sauti ya *j*, Kiamu hutumia *y*. Penye *ch* huja *t*. Penye *nj* huja *nd*. Na ngeli ya *vi* huwa *zi*. Ni kanuni, tena kanuni zinazoweza kuandikwa ubaoni katika kipindi kimoja. Fauka ya hayo, masikio ya Mwamu hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama wa mwituni kwa pumzi inayoandamana na sauti ya *p*, tofauti ambayo maandishi ya Kiswahili Sanifu hayaionyeshi.

Wala Kiamu na lahaja ndugu zake za kaskazini hazikuwa lugha za sokoni peke yake. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiyatafakari magofu ya Pate. Tungo hizo ndizo ambazo vyuo vikuu, ndani na nje ya Afrika Mashariki, huzihesabu kuwa kilele cha fasihi ya kale ya Kiswahili. Mwanafunzi wa chuo kikuu akikutana na neno *mato* katika utendi, mhadhiri humweleza kwa heshima kwamba hiyo ni lahaja ya kaskazini. Mtoto wa Lamu akiliandika neno lilo hilo katika insha yake, hupigiwa mstari mwekundu.

Yafaa tukumbuke jinsi mstari huo mwekundu ulivyopatikana. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika makoloni ya Waingereza. Wamisionari waliokuwa Mombasa walikwisha kufanya kazi kubwa kwa Kimvita, na baadhi yao hawakuridhika. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia, sarufi na msamiati kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hatusemi kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya. Nchi nne zilihitaji vitabu vinavyosomeka kote, na Kiunguja kilikwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tusemalo ni kwamba ulikuwa uamuzi wa watu, uliofanywa katika mwaka unaojulikana kwa sababu zinazojulikana. Haukuteremka kutoka mbinguni, na haukuthibitisha kwamba lahaja nyingine ni Kiswahili kilichoharibika.

Hata hivyo, mtoto haambiwi hivyo. Anaambiwa tu kwamba amekosea. Hebu tumlinganishe na mwenzake wa Kisumu au Nyeri. Huyo akichomeka neno la Kijaluo au la Kikikuyu katika insha ya Kiswahili, mwalimu hutambua kwamba ni lugha ya mama iliyojipenyeza, naye humsaidia kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Wote wawili wanajua kwamba kuna mto, na kwamba kuna daraja. Mtoto wa Lamu haonyeshwi mto wowote. Kwa kuwa lugha yake ya nyumbani na somo la darasani vinaitwa kwa jina moja, tofauti yake huhesabiwa kuwa uvivu, uzembe au ukaidi. Hata utaratibu wa kuwafunza watoto wa madarasa ya chini kwa lugha ya mahali wanapoishi, ambao kwa mujibu wa sera ungemfaa sana, humpita kando. Husemwa kwamba lugha ya Lamu ni Kiswahili, na vitabu vya Kiswahili vipo tayari.

Matokeo yake huonekana kwa namna mbili. Yupo mtoto anayenyamaza. Nyumbani ni msemaji hodari, mwenye vitendawili na mafumbo; darasani hujibu kwa neno moja, akichelea kuchekwa. Na yupo anayejaribu kujisahihisha kupita kiasi. Akishaonywa mara nyingi kwamba *y* yake ni kosa, huanza kuishuku kila *y*, hata ile iliyo sahihi, na huenda moyo ukageuka kuwa *mojo* katika daftari lake. Wa kwanza huitwa mzito, wa pili huitwa mjinga. Kwa hakika wote wawili wamejifunza jambo moja vizuri sana, nalo ni kutoiamini lugha waliyozaliwa nayo.

Suala la ukimya wa mwanafunzi limechunguzwa kwingineko duniani. Mwaka 1995 mtaalamu Bonny Norton, mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha utafiti kuhusu wanawake watano waliohamia Kanada wakawa wanajifunza Kiingereza. Hadi wakati huo ilizoeleka kusema kwamba asiyezungumza hana hamu ya kujifunza. Norton aliona kwamba wanawake wale walikuwa na hamu kubwa, ila walinyamaza au walisema kulingana na jinsi walivyotazamwa na wale waliozungumza nao. Mmoja wao, mama aliyetoka Chekoslovakia, alifanya kazi mahali pa kuuzia chakula pamoja na vijana waliomdharau kwa Kiingereza chake. Alipata ujasiri wa kuwasemesha pale alipojiona mbele yao kuwa ni mama wa makamo yake, wala si mhamiaji asiyejua lugha. Sarufi yake haikubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni nafsi aliyoisimamia alipokuwa akisema. Norton alikiita kitu hicho uwekezaji: mtu huwekeza katika lugha iwapo anaona kwamba itamzidishia hadhi, wala haitampokonya.

Lamu yenyewe inao ushahidi wa upande wa pili, yaani wa lugha ya kigeni iliyopokewa kwa moyo mkunjufu. Nao ni Kiarabu. Mtoto huanza kukisoma akiwa mdogo, herufi zake hazifanani na za shuleni, na kwa muda mrefu husoma asiyoyaelewa. Kwa vipimo vya kawaida vya ualimu, somo hilo lingepaswa kumchosha. Lakini mtoto huyo hajiulizi kama Kiarabu kitamfanya apungukiwe na Uamu wake. Kinyume cha hayo, kinamthibitishia kwamba yeye ni wa umma fulani, wa mtaa fulani, mwana wa watu fulani. Aidha, mwalimu wa chuoni humfafanulia maana kwa Kiamu. Lugha ya nyumbani ndiyo ngazi ya kupandia, haiwi uchafu wa kufuta miguuni kabla ya kuingia.

Hata hivyo tusiipambe historia kupita kiasi. Elimu hiyo ya dini nayo ilikuwa na mlango wake mwembamba. Katika karne ya kumi na tisa elimu ya juu ya dini mjini Lamu ilikuwa zaidi mikononi mwa koo zenye nasaba. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyetoka Visiwa vya Ngazija akafanya makazi Lamu, alikumbukwa hasa kwa kuwafungulia elimu waliokuwa wakitengwa nayo, wakiwemo watumwa, wazao wao na wageni wanyonge wa upande wa Langoni. Msikiti wa Riyadha, uliotokana na juhudi zake, ukawa kitovu cha masomo kinachojulikana pwani nzima. Funzo lake kwetu walimu ni bayana: uwezo wa kujifunza ulikuwamo ndani ya watu wale tangu hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwatazama na kuwaona kuwa ni wanafunzi.

Kiingereza nacho kilifika visiwani kikiwa na sura yake. Kwa wazee wengi wa pwani, shule ya serikali na shule ya misheni zilikuwa kitu kimoja, na kumpeleka mtoto huko ilikuwa kumtia katika hatari ya kuacha dini yake. Baadhi ya watu wa bara waliwacheka wazee hao kwa kubaki nyuma. Lakini tukiyaangalia mambo kwa insafu, wazee hao walifahamu vizuri jambo ambalo wataalamu walilisema baadaye, kwamba lugha haiji peke yake. Huja na mtu anayetakiwa uwe. Hawakukataa elimu, bali walikataa bei iliyotajwa. Leo nahodha wa mashua ya watalii, ambaye huenda hakumaliza shule, huzungumza Kiingereza bila wasiwasi, kwa kuwa pale chomboni yeye ndiye mjuzi wa upepo, wa maji kujaa na kupwa, na mgeni ndiye anayeuliza.

Tuelekee sasa kwa mwalimu ambaye kila mfundishaji wa lugha angefaa kuijua habari yake. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mtunzi, mchongaji na mwanamuziki. Wageni waliotaka kukijua Kiswahili cha tungo walimwendea yeye. Mwingereza Alice Werner alimfahamu katika safari zake za pwani za miaka ya 1911 hadi 1913. William Hichens aliandikiana naye na kupokea kutoka kwake nakala za tendi. Mjerumani Ernst Dammann alifika Lamu pamoja na mkewe mwaka 1936, wakaketi na kujifunza kwake, na mwaka 1940 akachapisha mkusanyo mkubwa wa tungo za lahaja ya Lamu.

Hebu mtazame mwanafunzi huyo. Dammann alikwisha kuwa msomi wa lugha za Kiafrika. Alipomsikia Kijuma akisema *mato*, hakumwambia aseme macho. Alichukua kalamu akaandika *mato*. Alijua kwamba yeye ndiye mgeni na kwamba aliyeketi mbele yake ndiye mwenye lugha. Hatudai kwamba uhusiano wa Mzungu na Mwafrika katika zama za ukoloni ulikuwa wa usawa, kwani haukuwa. Lakini katika jambo hili moja, la nani anayekosea na nani anayesahihisha, Kijuma alisimama mahali pa mwalimu. Wajukuu wa mji ule ule, katika shule za nchi huru, husimamishwa mahali pa mkosaji kwa maneno yale yale. Na mambo hayajabadilika sana: mashairi ya Kiamu ya Ustadh Mahmoud Mau, ambayo watu wa Lamu waliyasikiliza kwa kanda majumbani, yalitolewa kitabuni Leiden, Uholanzi, mwaka 2023 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lugha ya kwetu huheshimiwa ikishasafiri.

Tusimtupie lawama zote mwalimu wa darasani. Yeye naye ana nafsi yake. Walimu wengi wa Kiswahili huko visiwani wametoka bara, nao walikisoma Kiswahili vitabuni, kikiwa lugha yao ya pili au ya tatu, kwa jasho. Leo mwalimu kama huyo anasimama mbele ya watoto wanaokisema tangu tumboni, wanaojua majina ya samaki na sehemu za jahazi ambayo hajapata kuyasikia. Mtoto akisema "ndoo", yeye hutazama iliko ndoo ya maji, kumbe anaambiwa njoo. Watoto hucheka. Si ajabu basi akijikinga kwa kitabu, kwa kuwa kitabu ndicho pekee kinachompa mamlaka humo chumbani. Mwalimu mwenyeji naye ana shida ya namna nyingine. Amepanda hadi hapo alipo kwa kukificha Kiamu chake, na huwa mkali zaidi kuliko mgeni kwa watoto wanaomkumbusha alikotoka.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mtihani ni mmoja kwa taifa zima, na kwamba huruma haimpatii mtoto alama. Ni kweli. Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na ingawa KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mfumo mpya nao unapima kwa Kiswahili Sanifu. Hatupendekezi kwamba mtoto wa Lamu asamehewe sanifu. Kumnyima lugha inayomwezesha kusikilizana na mwenzake wa Kigoma au Kampala ni kumfungia kisiwani. Tunapendekeza afundishwe sanifu kama inavyofundishwa lugha ya pili yoyote ile: kwa kuonyeshwa alipo, anapokwenda na njia ya kupitia.

Wengine watauliza kuhusu watoto wasio Waamu. Kaunti ya Lamu ina Wabajuni na Wapate, ina Waaweer na Waorma, ina familia za Mpeketoni ambazo nyingi zilihamia kutoka bara baada ya mpango wa makazi wa miaka ya 1970. Kwa baadhi yao Kiamu chenyewe ni lugha ya kigeni. Je, tukikiingiza Kiamu darasani hatutakuwa tumewatenga hao? Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kwamba hatuombi Kiamu kipandishwe kiti cha enzi. Tunaomba kila lugha ya nyumbani itajwe kwa jina lake. Mwalimu anayeandika ubaoni "sanifu: njia, Kiamu: ndia" anaweza kuuliza hapo hapo neno hilo huitwaje Kibajuni, Kiaweer na Kikikuyu. Kila mtoto atakuwa na la kuchangia, na kila mmoja atajua kwamba sanifu ni mahali wanapokutana wote, si nyumba ya mmoja wao.

Mambo yanayohitajika si ya gharama kubwa. Kwanza, kanuni tulizozitaja zifundishwe waziwazi, mapema, kwa kulinganisha. Pili, mwalimu anaposahihisha insha atenganishe kosa na lahaja: neno la Kiamu aliwekee alama ya namna yake na kuandika kando yake neno la sanifu, ili mtoto aone kwamba amehamishwa, hakuhukumiwa. Tatu, vyuo vya ualimu vimwandae anayekwenda pwani kwa masomo ya lahaja, asifike kama aliyekwenda kufunza watu lugha yao asiyoijua. Nne, tendi zisomwe Lamu zikiwa mali ya Lamu, na wazee wanaozijua waalikwe darasani wazisome kwa sauti. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Sharti hilo haliwezi kutekelezwa kwa kalamu nyekundu.

Anayeshuku kwamba njia hii inaweza kuzaa matunda na amtazame Ahmed Sheikh Nabhany, mwana wa Lamu aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Huyo alikulia katika tungo na Kiamu, akaandika utenzi wa Sambo ya Kiwandeo kuhusu uundaji wa chombo, na hakuwahi kuona haya kwa lahaja yake. Lakini yeye ndiye aliyewapa Waswahili wote maneno kama runinga na tarakilishi, ambayo hutumiwa leo katika habari na vitabu vya shule vya Kenya. Hakuifikia lugha ya taifa kwa kukimbia kwao. Aliifikia kwa kuchota kisima cha kwao na kuwanywesha wengine.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Walimu wenzangu, kabla ya kumlaumu mtoto wa Lamu kwa kukikataa Kiswahili cha shule, tujiulize kwanza kama Kiswahili cha shule hakikuanza kwa kumtaka akatae kwao. Asipotakiwa hivyo, atajifunza sanifu, atajifunza Kiingereza, na akipenda atajifunza na lugha nyingine za mbali, kwa kuwa hatakuwa na hofu ya kupotea njiani.